Kura ya Mbunge wa Palionero

Palionero, 22 Januari 2024

Periklis ndugu yangu,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu siitaki, unanijua. Kwenye simu unanishinda kila mara kwa huo ulimi wako wa kiwakili. Kwenye karatasi tuko sawa tangu tulipokuwa jeshini, wewe mpakani Evros na mimi Krete, tukilalamikiana juu ya maharage.

Theluji imefika hadi ngazi za kanisa. Jana nilipita shule yetu. Paa limeporomoka upande wa darasa la sita, pale tulipokuwa tukichoma njugu za chestinati kwenye jiko la mwalimu akigeuka. Nikasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mke wangu Marigo anakusalimu. Amekuwekea chupa mbili za jamu ya tini. Moja ni yako, nyingine ya kumhonga mtu huko bungeni akupe likizo.

Sasa la maana. Mkahawani hakuna anayezungumzia tena bei ya mbolea. Ni hii sheria ya ndoa za jinsia moja, asubuhi hadi jioni. Watu wanashangaa kwamba ni chama chetu wenyewe kinachoileta, si wale wa mrengo wa kushoto. Juzi mmoja akasema amesikia wewe utapiga kura ya ndiyo. Nikamjibu mbele ya wote: "Periklis Dourmas ni mtu wa chama hiki tangu alipokuwa na nywele. Kila Juma Kuu anaimba kanisani kwangu, kwaya ya kushoto. Kama yeye ni wa ndiyo, basi mimi ni askofu." Wakacheka, lakini hawakucheka sana.

Niandikie neno moja tu nikawasomee. Tarehe nne Februari tutasoma waraka wa Kanisa makanisani mote, na sitaki siku hiyo watu wageuke kukitazama kiti chako.

Wako,
Padri Lambros


Athene, 28 Januari 2024

Lambros wangu,

Anza kushona kanzu ya kiaskofu. Nitapiga kura ya ndiyo.

Waandishi wa habari wananiuliza kama nina mtoto wa namna hiyo. Sina. Nina binti mmoja mwenye mume na mapacha, na mume huyo hanipendi. Wananiuliza kama nimebadilika. Sijabadilika. Mwaka 2015, walipoleta ule mkataba wa watu wa jinsia moja kuishi pamoja, nilipiga kura ya hapana, nikaenda zangu kula samaki. Wewe nitakueleza ukweli, kwa sababu ndiwe uliyesimamia harusi yangu kabla hujavaa joho.

Unaikumbuka siku ile ya 1978? Suti yangu aliishona Fanis. Alinipima mara tatu, sindano mdomoni, akinung'unika kwamba bega langu moja liko chini kama la punda aliyebeba kuni upande mmoja. Na picha alipiga Argyris. Evanthia, Mungu amrehemu, alicheka kwenye picha zote kwa sababu Argyris alikuwa akimwambia, "Bibi harusi, mtazame bwana kama mtu aliyekulia biskuti yako ya mwisho." Wote katika mji wetu tulioa namna hiyo: fundi mmoja, mpiga picha mmoja, nyumba yao moja pale juu yenye duka chini na vyumba viwili juu. Tukawaita binamu. Hawakuwa binamu, na hakuna aliyedhani hivyo. Tulipendelea tu neno hilo.

Fanis alikufa Novemba 1996. Wiki ya pili wapwa zake walikuja ofisini kwangu kutoka Patras. Nyumba ilikuwa kwa jina la Fanis, wosia hakuuacha, na wao ndio warithi. Wakaniomba nimwandikie Argyris notisi ahame ndani ya siku kumi na tano. Niliiandika, Lambros. Na kwa kuwa ninajiona mtu mwungwana, niliipeleka mwenyewe badala ya kumtuma mtu.

Argyris aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Miaka ishirini na sita, Periklis. Nilikuwa mpangaji?"

Nikamwambia, "Kisheria hukuwa chochote."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana sikuona haya siku ile. Haya ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na imekuja zaidi tangu Evanthia afe. Sikumwambia yeye. Sikukwambia wewe.

Maisha yangu yote nimesimama majukwaani nikiwaambia vijana: oeni, tulieni, jengeni, mtu akiugua msimwache. Sasa wanakuja watu wanasema, vema, hayo hayo ndiyo tunayoyataka. Niwajibu nini? Kwamba afadhali wasiwe na mtu? Mimi si mwanamapinduzi. Nataka nyumba zisimame. Ile moja niliibomoa kwa mkono wangu, na sheria ilikuwa upande wangu.

Mbusu Marigo mkono.

Periklis


Palionero, 5 Februari 2024

Mheshimiwa Mbunge,

Waraka niliusoma jana, wote, bila kuruka mstari. Kanisa lilijaa. Watu walikitazama kiti chako.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Unayo dhamiri inayokuuma, na dawa uliyoiona ni kubadilisha sheria ya taifa zima. Ungeweza kwenda kuomba radhi, ingetosha. Wape nyumba. Wape urithi, wape ruhusa ya hospitali, wape karatasi zote mlizo nazo huko mjini; mkataba wanao tayari. Lakini neno ndoa si mali ya bunge. Hukulitunga wewe wala mimi. Mimi nimeliweka taji la ndoa juu ya vichwa vya watu mia tatu na kitu katika mji huu, na kila mara nimelishika kwa mikono miwili. Wewe unalishika neno hilo kama bomba la maji.

Halmashauri ya kanisa ilikutana baada ya ibada. Wameomba usije kuimba Juma Kuu. Bibi Polyxeni ndiye aliyeandika ombi, kwa mwandiko wake ule wa ualimu, na watu sitini wametia sahihi. Sikupinga.

Padri Lambros

Periklis, ni mimi Marigo, namalizia chini hapa kabla hajafunga bahasha. Amerarua barua tatu kabla ya hii, na tangu juzi anakula kama ndege. Muulize alikwenda wapi Jumatano ile, Fanis alipokuwa hospitalini. Mimi nimechoka kulijua peke yangu.


Athene, 9 Februari 2024

Lambros,

Sikuombi ufungue mlango wa kanisa. Sheria hii haikugusi. Watakwenda kwa meya, watatia sahihi, watarudi nyumbani. Taji ni lako na litabaki lako. Lakini usiniambie mkataba unatosha. Ningempa Evanthia mkataba, baba yake angenifukuza kwa fimbo, na angekuwa na haki. Neno lina uzito, wewe mwenyewe umesema. Ndiyo sababu wanalitaka.

Evanthia alipougua nilikaa kando ya kitanda chake siku kumi na moja. Nilimpaka mafuta miguuni. Nilikorofishana na madaktari. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni nani.

Kuhusu Juma Kuu, sawa. Iliniuma, lakini sawa.

Marigo ameniambia nikuulize ulikwenda wapi Jumatano ile. Nakuuliza. Kura ni tarehe kumi na tano.

Periklis


Palionero, 13 Februari 2024

Periklis,

Marigo hajui kunyamaza. Ndiyo maana nilimwoa. Mimi nanyamaza mno.

Jumatano ile nilikwenda hospitali kumpa Fanis komunyo. Nilimkuta Argyris kwenye benchi la nje, karibu na mlango wa magari, amevaa koti la mvua na mkononi ana mfuko wa nguo safi. Alikuwa pale tangu Jumatatu. Wanaingia jamaa tu, wamemwambia, na yeye hakuweza kusema ni nani. Hakunilalamikia. Aliniomba tu nimpelekee Fanis soksi za sufu, kwa kuwa miguu yake hupata baridi.

Nikamshika mkono wa koti. Muuguzi alipotuzuia nikamwambia, nikiwa na joho na msalaba kifuani, "Huyu ni kaka yake, tumbo moja." Sikusita hata kidogo. Yule binti akalitazama joho, akatupisha.

Mle ndani Argyris alimvisha soksi. Kisha akatoa wembe na sabuni mfukoni, akamnyoa, kwa sababu Fanis hajawahi kuonekana na ndevu mbele ya watu, na wauguzi walikuwa hawana nafasi. Hawakusema lolote la kukumbukwa. Fanis alikuwa hana nguvu ya kuinua mkono, lakini akanigeukia mimi akauliza, "Padri, huyu amekula?" Alikuwa na siku mbili za kuishi, na hilo ndilo lililomsumbua.

Nimebatiza, nimefungisha ndoa, nimezika. Najua maswali wanayoulizana watu waliooana. Hilo ni mojawapo.

Uongo ule sijawahi kuupeleka kwenye kitubio. Ili utubu lazima ujute, na mimi sijaweza. Unaelewa sasa kwa nini nilikuandikia kwa hasira. Nawasomea watu waraka kwa sauti kubwa, na ndani nina soksi zile.

Na jambo jingine. Unadhani ulinificha notisi. Argyris aliniambia siku ile ile, alipokuja kuniachia ufunguo. Akaniomba nisikuchukie, maana ni mwaka ule ule ulipokuwa unataka nimbatize binti yako. Nilikubatizia mtoto na sikukwambia kitu. Tumefichana miaka ishirini na saba, wewe aibu yako, mimi rehema yangu.

Bado nasema pigeni kura ya hapana. Ndoa ni fumbo la Kanisa, na nitabishana nawe hadi mmoja wetu azikwe. Lakini nimeona nikwambie kwamba Argyris yu hai. Ana miaka themanini na nne, yuko katika nyumba ya wazee huko Nafplio. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi.

Lambros


Athene, 18 Februari 2024

Mzee Argyris,

Mimi ni Periklis Dourmas, aliyekuletea ile karatasi mwaka 1996.

Alhamisi nilipiga kura ya ndiyo, na sheria imepita. Sikuandikii ili unipongeze. Nakuandikia kukwambia jambo nililopaswa kusema nikiwa bado nimesimama mlangoni kwako: nilikuwa natambua vizuri wewe ni nani katika nyumba ile. Nilitambua, na nikasema hukuwa chochote. Naomba radhi.

Ukiniruhusu, nitakuja kukuona. Usiponiruhusu, nitaelewa.

Periklis Dourmas


Nafplio, 25 Februari 2024

Periklis,

Nilikusikia redioni. Mwenzangu wa chumbani ni baharia mstaafu, anakoroma hata akiwa macho, nikalazimika kuibandika redio sikioni. Waliita jina lako, ukasema ndiyo. Sauti yako imezeeka.

Usitegemee niandike kwamba yameisha. Hayajaisha. Zile ngazi kumi na nne za mbele nilizijenga mimi, jiwe moja moja, majira mawili ya joto, Fanis akinishikia kamba na kunikosoa. Siku kumi na tano ulizonipa nilizitumia kufunga kamera kwenye makaratasi. Cherehani ya Fanis wapwa waliniambia ni mali ya urithi, nikaiacha. Nilikuja huku Nafplio kwa dada yangu na sikupiga tena picha ya harusi hata moja.

Lakini umekuja mwenyewe kwa barua, na mtu wa umri wako hakulazimishwa. Basi nitakuandikia na mazuri, kwa sababu hapa hakuna wa kumsimulia.

Katika kila harusi ya Palionero Fanis alikuwa akisimama nyuma yangu wakati wa picha. Watu walidhani anasubiri kinywaji. Alikuwa akininong'oneza, "Mwambie anyooshe mabega, ananiharibia koti." Jumapili tulifunga duka tukapanda hadi kwenye chemchemi, yeye amebeba tikiti maji, mimi mkate na jibini. Alilala kivulini kofia usoni, akijifanya hasikii nikimsomea gazeti, kisha akinisahihisha majina ya mawaziri. Sikuwa na haja ya kingine. Mtu akiniuliza ujana wangu ulikuwaje, namwona yeye na lile tikiti.

Sheria yenu ni njema kwa watakaokuja. Kwangu imechelewa, Fanis hawezi kwenda kwa meya. Ila kuna kitu nataka. Wapwa walipomfanyia kumbukumbu ya siku arobaini hawakuniita. Nilikuja, nikasimama nyuma ya ukuta wa makaburi, nikasikia nyimbo bila kuona kitu. Baada ya hapo hawakumfanyia nyingine. Jumamosi ya Marehemu ni tarehe tisa Machi. Nataka kusimama ndani.

Una gari?

Argyris Pantelias


Athene, 10 Machi 2024

Lambros,

Nisamehe. Nimemchukua mzee wa watu nikampeleka akadhalilishwe.

Baada ya lile ombi la Juma Kuu niliwaahidi halmashauri kwamba kanisani sitaingia kabisa, na sikuingia. Nilimshusha mlangoni, amevaa tai, na chano cha ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu ya wafu alichokiandaa Marigo kikawa kinamngoja ndani. Nikakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara. Saa tatu na nusu hivi nikaona mlango unafunguka, watu wanatoka. Wawili kwanza, haraka, hawakutazama nyuma. Kisha wengine wanne, watano, wanawake wengi, karibu wanakimbia. Nikamwona hata Polyxeni. Nikainamisha kichwa kwenye usukani. Sikutaka kuona zaidi.

Ulipomleta kwenye gari baadaye ulinishika bega tu ukarudi. Na yeye njia nzima hakusema neno. Alishika pakiti ya ile ngano aliyopewa mapajani kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye kona za Achladokampos nikamwomba radhi. Akasema, "Endesha taratibu," basi.

Kamati ya jimbo imeniandikia nisigombee tena. Hilo nililijua na nililikubali. Lakini hili la Argyris sijui nitalibeba vipi.

Periklis


Palionero, 13 Machi 2024

Periklis, ndugu yangu mjinga,

Wakili wa miaka arobaini, unahukumu kesi kwa kuchungulia kwenye kioo cha gari.

Nikueleze kama ilivyokuwa. Jina la Fanis nimelisoma kila Jumamosi ya Marehemu tangu afe, katikati ya majina mengine, haraka haraka, hakuna aliyesikia. Safari hii nililisoma la kwanza na nilikwenda polepole: Theofanis, jina lake la ubatizo. Argyris alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mishumaa, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nikaona vichwa vinageuka. Kila mtu pale amewahi kuvaa suti ya Fanis au amezaliwa na aliyeivaa.

Mwisho wa ibada, unajua desturi, padri hutangaza kwamba familia ya marehemu inawasubiri watu ukumbini kwa kahawa. Kwa wengine wote nilitangaza kwa mazoea. Nilipofika kwake nikaikunja karatasi ya majina. Sikuwa nimepanga, Periklis. Nikasema, "Na familia ya marehemu Theofanis inawasubiri ukumbini."

Ndipo mlango ukafunguka. Wale wawili wa kwanza, ndiyo, waliondoka kwa hasira. Ni Vangelis wa kituo cha petroli na shemeji yake, na Vangelis ameshanishtaki kwa askofu. Najua nitaitwa, nitakwenda. Lakini wale wanawake uliowaona wakikimbia walikuwa wanakimbilia vikombe. Ukumbini tulikuwa tumeandaa viti kumi, kwa kuwa mimi na Marigo tulihesabu kwamba hakuna atakayekuja. Walikwenda kuleta viti vya shule. Polyxeni alikwenda kwake kuchukua birika kubwa.

Argyris hakujua asimame wapi. Mfiwa husimama kulia kwa mlango, lakini yeye hajawahi kuwa mfiwa wa mtu. Marigo akamshika kiwiko akamweka mahali pake. Polyxeni akarudi na birika, akalitua mezani, akajifuta mikono. Yule yule aliyeandika ombi dhidi yako, na ambaye bado hakutaki kwenye kwaya; nimewaambia basi upande wa kushoto nitauimba mwenyewe, na wanaijua sauti yangu ilivyo mbaya. Akamwendea Argyris akampa mkono. "Uwe na maisha marefu, Argyris, umkumbuke." Kama anavyoambiwa mjane yeyote hapa kwetu.

Nyuma yake wakajipanga. Walipita mmoja mmoja, wengine wakisema kwa sauti, wengine wakinong'ona, mzee mmoja akasema tu, "Koti langu bado ninalo." Argyris aliwajibu wote, amesimama wima, tai yake imenyooka. Kama hakusema kitu garini ni kwa sababu alikuwa amesema asubuhi nzima.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Maneno ya kumwambia mfiwa nimeyasema maelfu ya mara, Periklis, na nilipofika mbele yake yakanipotea yote. Nikabaki nimeushika mkono wake. Yeye akasubiri, kisha akanisaidia, kwa adabu, kama mwenye nyumba:

"Asante kwa kuja, Padri."

Lambros